Jina la Mabukwe na Mashine ya Mjerumani

Jumatatu, 9 Novemba 2015

Leo nimekuwa mtu wa setilaiti. Anayetaka kucheka acheke, meno ni yake.

Juzi Mjerumani mmoja aliyekuwa akiizunguka Afrika kwa pikipiki kubwa kama ndama alikwama hapa Kasulu. Injini ilikufa mbele ya soko. Akaiuza kama chuma chakavu, akakata tiketi ya basi. Shida yake hakuwa na begi la kutia nguo. Mimi begi ninalo! Tukabadilishana palepale. Yeye begi, mimi helmeti mbili na kioo. Wenzangu kijiweni walikuwa bado wanaishangaa injini. Ndiyo maana wataendesha bodaboda mpaka wazeeke.

Helmeti zina intakomu. Spika sikioni, kipaza sauti mdomoni, dereva na abiria mnaongea polepole kama mko sebuleni. Kioo ni jipiesi. Unakifunga kwenye usukani, kinakuonyesha njia, na ukifika kwenye kona kinakwambia kwa sauti humo humo ndani ya helmeti.

Kijiweni wakauliza jipiesi ya nini kwa mtu aliyezaliwa Kasulu. Nikawajibu kwamba hata wao wana macho na bado wanavaa miwani. Hawakunielewa. Mimi mwenyewe sikujielewa vizuri, lakini nilikuwa nimeshawasha pikipiki.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Ni Nadine. Nampenda Nadine, sina njia nyingine ya kusema. Na mwenye neno la mwisho ni mama yake, mjane wa Heru Juu, muuza maharage, mwanamke mfupi mwenye mwavuli mrefu. Mshenga wangu Mzee Niyubahwe ameshakwenda mara mbili. Mara zote mbili amepewa uji. Jibu hajapewa.

Mimi sisubiri jibu. Nimeshaanza kumwita mabukwe, kama sisi tunavyomwita mama mzaa mke. Na mabukwe ana masharti yake. Hamgusani. Hamli sahani moja. Jina lake hulitamki maisha yako yote, ukilitamka umemvunjia heshima na faini ni mbuzi na pombe ya ndizi. Mimi hata hapa siliandiki. Kalamu nayo ina mdomo.

Sasa Jumamosi mabukwe anakwenda Nduta. Mdogo wake Esteri amevuka kutoka Burundi na watoto, amefikia huko kwenye kambi ya wakimbizi, na hawajaonana miaka mingi. Amesema atapanda bodaboda. Akipanda ya mtu mwingine, mimi nimekwisha. Akipanda yangu, je, akitaka kusimama? Abiria humgonga dereva begani. Mabukwe hawezi kunigonga begani! Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Intakomu! Atasema neno moja tu, nami nitasimama. Bega langu halijaguswa na mila imekaa mahali pake.

Na jipiesi? Jipiesi ni ya Reverien. Huyu ni mpinzani wangu. Amepata kazi ya ukalimani kwenye shirika moja huko kambini, siku hizi anatembea na kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyo navyo. Naye amepeleka mshenga kwa mabukwe. Basi Jumamosi akione kioo.

Jumanne, 10 Novemba

Siku nzima kwa Badru, fundi simu wa pale sokoni. Kijana mweupe wa meno, mtaratibu, hajaoa, anapenda kusema mambo kwa sauti nzito kama mtangazaji. Amevuta waya kutoka kwenye betri, akaupitisha chini ya tanki, akaufunga kwa vipande vya tyubu.

Mara ya kwanza nilipopiga honi, jipiesi ilizima. Mara ya pili ilizima taa. Mara ya tatu fyuzi ikatoa moshi na mama mmoja wa dagaa akatuhamisha kwa maneno makali. Badru akasema ni kawaida, umeme unatafuta kwao. Jioni ulikuwa umefika kwao. Sasa naweza kupiga honi au kuonyeshwa njia. Vyote kwa pamoja bado.

Ikawaka! Sauti ya mwanamke, ya baridi, haina haraka. Lakini ni Kijerumani. Badru alitafuta Kiswahili, hakimo. Alitafuta Kiingereza, kikadai kadi ambayo Mjerumani ameondoka nayo. Nikamwambia aache. Babu yake babu yangu alichapwa viboko kwa lugha hiyo, mimi naonyeshwa njia kwa lugha hiyo hiyo. Kama hayo si maendeleo, sijui maendeleo ni nini.

Jumatano, 11 Novemba

Majaribio na Mzee Niyubahwe. Nimemvalisha helmeti ya abiria, akalalamika inabana mawazo. Tukazunguka mpaka karibu na hospitali na kurudi.

Yule mwanamke wa jipiesi alipoanza tu kusema, Mzee alimwamkia. “Mwakeye,” akamwambia, kisha akanyamaza kungoja kuitikiwa, kama ilivyo adabu. Tulipofika kona ya pili mwanamke akasema Kijerumani chake. Mzee akaridhika, akaanza kumuuliza habari za nyumbani. Tuliporudi alinihakikishia kwamba ni mwanamke aliyelelewa vizuri, ila anachelewa kujibu.

Kasoro moja tu. Mwanamke akisema, intakomu inakata sauti zetu. Yeye kwanza, binadamu baadaye. Si tatizo. Atasema nini cha kuchukua muda?

Mzee kabla hajashuka akaniuliza kama ni halali mabukwe kusemea ndani ya sikio la mkwe. Alisema marehemu mkewe mwenyewe hakuwahi kumkaribia hivyo akiongea. Nikamjibu kwamba sauti haina mkono. Akakuna kidevu muda mrefu. Wazee wanapenda kukuna kidevu wakishindwa hoja.

Alhamisi, 12 Novemba

Nadine amekuja kijiweni! Alisimama kando ya pikipiki, akakigusa kioo kwa kidole kimoja. Akaniuliza kama ninajua njia ya Nduta. Nikamwambia najua, moja kwa moja hadi Makere, halafu Kibondo, halafu unauliza. Akasema basi kioo cha nini. Nikamwambia ni cha heshima. Akacheka. Nikicheka naye nasahau hata mafuta yameisha. Kisha akaacha kucheka, akasema mama yake ameanza kunizungumzia vizuri, hivyo Jumamosi nimfikishe tu na kumrudisha. “Usiongeze kitu, Bazilio. Nakuomba.”

Siongezi kitu. Nimepitia kwa Badru tu kumalizia.

Jipiesi inataka uipe mahali unakokwenda. Nduta ilikuwa rahisi. Kurudi ndiyo kazi, maana ramani ya Mjerumani inaijua Heru Juu kwa jumla, haijui nyumba. Badru akasema tutaweka alama penye nyumba na kuipa jina. Nikamwambia aandike Kwa Mabukwe. Akasema mabukwe wa nani, kila mwanaume ana wake, mashine itachanganyikiwa, mahali huandikwa kwa jina la mwenye nyumba. Hapo nikawa makini. Mimi siandiki jina lile! Badru akasema yeye si mkwe wa mtu, ataandika. Anamjua, humuuzia vocha. Basi nikageuka, nikatazama duka la viatu mpaka alipomaliza. Hata kioo sikukiangalia. Nani mwingine Kasulu nzima ana adabu kama hii?

Jumamosi, 14 Novemba. Kibondo

Tumefika! Naandika nikiwa nimekaa kwa binamu yangu, tope mpaka magotini, moyo mweupe.

Asubuhi Heru Juu nilikuta mabukwe ameshajiandaa na gunia dogo la maharage ya Esteri. Akalitazama, akaitazama siti, akaamuru gunia likae katikati yetu. Nikalifunga kwa tyubu. Mpaka halali kabisa, mimi mbele, maharage katikati, yeye nyuma na mwavuli wake. Nikampa helmeti kwa kuiweka juu ya jiwe, yeye akaichukua juu ya jiwe. Majirani walitazama. Nikajua habari zitafika kwa Reverien kabla yetu.

Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa uji. Kila mara mwanamke wa jipiesi alipotaja Nduta, mabukwe aliguna kwa kuridhika. Mwishowe akasema, sikioni mwangu, maneno yake ya kwanza. “Kumbe hata Wazungu wanaijua Nduta.” Ilinibidi nishike usukani kwa nguvu.

Baada ya Makere akaanza rozari. Mafumbo yote, ndani ya kichwa changu, kwa sauti ya chini. Nilijua amesahau kipaza sauti. Nilijua nisisikilize. Lakini utaziba vipi sikio lililo ndani ya helmeti? Akafika pa Nadine. Akamwomba Mungu amwonyeshe mwanaume wa kweli, asiye na maneno mengi. Mimi nikasema “Amina!”

Rozari ikakatika. Hatukuongea tena mpaka Kibondo.

Getini Nduta tulimkuta nani? Kizibao. Reverien amesimama na karatasi, anaita watu waliofuatwa na ndugu. Alipomwona mabukwe akaliita jina lake, lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ya mnada. Mimi mwili ulinisisimka. Mabukwe akaitikia tu “nipo,” akapita. Hakukasirika hata kidogo! Na kioo changu Reverien hakukitazama hata mara moja, ingawa nilikifuta mara kadhaa mbele yake.

Esteri alipotokea na watoto wawili, mabukwe aliuacha mwavuli ukaanguka chini. Walishikana wakalia kwa Kirundi, sauti moja juu ya nyingine. Nilitazama pembeni. Mimi pia nililia, lakini nilikuwa na helmeti.

Jumapili, 15 Novemba

Nimerudi peke yangu.

Niandike kwa utaratibu, maana nina hakika sina kosa. Asubuhi nilimchukua mabukwe pale alipolala. Alikuwa mchangamfu. Aliniambia Esteri ni mzima, watoto ni wazima, na kwamba jana nimeendesha kama mtu mzima. Gunia halikuwepo tena, tukaweka mto katikati. Nikaibonyeza jipiesi penye alama ya nyumba yake. Tukaondoka.

Mwanamke akafungua mdomo. Kijerumani, Kijerumani, Kijerumani, halafu JINA. Jina la mabukwe! Safi, limenyooka, kama anamwita chakula kimeiva.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mbele kidogo palikuwa na dimbwi, nikaiacha barabara kulizunguka. Kumbe mashine ukiacha njia yake inaanza upya hesabu, na ikianza upya inatangaza tena unakokwenda. Kijerumani, Kijerumani, jina! Na barabara ya Kibondo mwezi wa Novemba ina madimbwi mangapi? Dimbwi, jina. Dimbwi, jina. Lori limekwama, pita shambani, jina mara mbili.

Nilijaribu kuomba radhi, lakini yule mwanamke akisema sisi tumekatwa. Nilitaka kuizima, kidole kimejaa tope, kioo kikakataa. Nikapiga honi ili kizime, na siku hiyo ndiyo honi na jipiesi zikakubali kufanya kazi pamoja! Nikawa napita vijijini nikipiga honi huku jina la mama mkwe likitangazwa masikioni mwetu.

Karibu na Makere nilipigwa kichwani. Mwavuli. Nikasimama.

Mabukwe alishuka. Macho yalikuwa madogo. Hakuuliza habari za jina kwanza. Aliuliza, “Na yale mengine yaliyosemwa kabla ya jina langu ni maneno gani?” Nikasema sijui, ni Kijerumani. Akauliza inakuwaje natembea na mwanamke anayemsema mtu mzima, na sijui anamsema nini. Nikamwambia amekosea, yule si mwanamke, ni setilaiti. Hapo akatembea kwa miguu.

Likapita lori la mahindi, akapanda mbele kwa dereva, na helmeti yangu kichwani. Ikawa intakomu bado inashika! Lori linaondoka na mimi namsikia waziwazi akimwambia dereva, “Mkwe gani huyu, mkwe gani asiye na haya, ametamka jina langu kutoka Kibondo mpaka hapa.” Kisha mkwaruzo, kisha kimya.

Kunitukana mbele ya dereva wa lori! Sikutamka. Nasema tena, sikutamka.

Jumatatu, 16 Novemba

Ametumwa mtu. Mabukwe anadai mbuzi na pombe ya ndizi kwa kosa la kutaja jina lake. Jumatano nifike kwa baba mkubwa wa Nadine, Heru Juu, mbele ya wazee wa ukoo. Helmeti imerudishwa ndani ya mfuko wa unga.

Sitoi.

Mbuzi si hoja. Mbuzi ningempata. Hoja ni haki! Nikitoa mbuzi nimekubali kwamba mdomo wangu ulitamka, na mdomo wangu tangu nipeleke mshenga haujawahi kulikaribia jina hilo. Mimi niliyetazama duka la viatu!

Nadine ameniandikia ujumbe wa simu. “Toa mbuzi.” Nikamjibu kwa ujumbe mrefu, nikaeleza setilaiti inavyokaa angani, fyuzi, madimbwi, na jinsi sauti inavyotoka. Akajibu, “Bazilio. Toa mbuzi.” Ni wazi wamemlazimisha. Maskini mpenzi wangu. Nitampigania.

Jumanne, 17 Novemba

Najiandaa. Mzee Niyubahwe amekuja kunishauri nitoe mbuzi. Nimemuuliza kama yeye ni mshenga wangu au wa Reverien. Amekuna kidevu.

Jumatano, 18 Novemba

NIMESHINDA!

Wacha nitulie niandike. Walikuwepo wazee, baba mkubwa wa Nadine katikati, mabukwe kwenye mkeka amenipa mgongo, kama inavyotakiwa, na Nadine mlangoni. Nilifika na pikipiki nzima na betri iliyojaa, kwa ajili ya ushahidi.

Baba mkubwa alieleza kosa taratibu, karibu kwa upole. Alisema kosa hili ni la kawaida, wakwe wengi wamelifanya, hata yeye alilifanya enzi zake kwa kuota usingizini, akatoa mbuzi, wakala, wakacheka, na mambo mengine yakaendelea. Alilikazia hilo neno, mambo mengine yakaendelea. Akanitazama sana. Wazee wote wakanitazama. Mmoja alikuwa amekuja na mrija wake wa pombe tayari. Mzee Niyubahwe akasema mwanawe hana neno, yuko tayari.

Nikasimama. Nikasema nina neno.

Mzee akanikanyaga mguu. Niliuvuta. Nikaeleza kwamba jina limetamkwa na mashine, mashine ni ya Mjerumani, jina liliandikwa na Badru, na mimi nilikuwa natazama viatu. Nikawasha jipiesi wajisikilizie. Nilisahau kwamba inasemea ndani ya helmeti tu, kwa hiyo nikawavalisha mmoja mmoja. Baba mkubwa alipovaa akashtuka, akasema ni kweli, ni mwanamke, na si wa hapa.

Nadine alikuwa akitikisa kichwa mlangoni. Nilidhani anashangazwa na hoja zangu, nikaongeza sauti. Mzee Niyubahwe akapatwa na kikohozi ambacho sijawahi kukisikia. Baba mkubwa akaniuliza mara ya mwisho, kwa kunisihi kabisa, kama kweli sikubali hata kidogo kwamba mimi, kama mkwe, nimemkosea mabukwe wangu. Nikamjibu kwamba sikubali hata kidogo. Nikamtaka aseme kama kuna mila inayomtoza mtu faini kwa kosa asilolitenda.

Wakanong'onezana. Kisha baba mkubwa akatoa hukumu. Alisema kijana hana kosa. Faini ya jina hutozwa mkwe peke yake. Mtu baki akilitaja jina la mama huyu, amelitaja tu, kama wanavyolitaja sokoni. Kijana amekataa faini, na wao hawawezi kumlazimisha. Shauri limekwisha.

Mabukwe akainuka. Akageuka, akanitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanipa mkono! Nikaushika kabla sijafikiri. Akasema, “Asante kwa kunipeleka Nduta, kijana.” Akaingia ndani.

Yule mzee wa mrija akaukunja akaondoka bila kuaga. Wivu. Nimeshinda mbele ya ukoo mzima, bila wakili! Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini sitawadai wakubali leo.

Nadine hakuja kunipongeza. Nafikiri alikuwa na kazi jikoni.

Alhamisi, 19 Novemba

Nadine amenisubiri kijiweni tangu asubuhi. Alikuwa amelia. Alinivuta pembeni akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto dawa ya kunywa.

Reverien aliliita jina la mama getini na mama akasema nipo. Kwa nini hakukasirika? Kwa sababu Reverien kwake ni karani tu. Mimi alinikasirikia mpaka akashuka kwenye tope, kwa nini? Kwa sababu moyoni alikuwa ameshanihesabu mkwe. Hakuna mtu anayemdai mbuzi wa jina mtu asiye wake. Ile faini ndiyo iliyokuwa jibu la posa! Wazee wote walijua. Walikuja kula mbuzi na kupanga mahari.

“Ukakataa, Bazilio. Ukashinda kesi.”

Nilikaa chini, kwenye mawe, mbele ya watu. Ule mkono alionipa! Mabukwe hampi mkwe mkono. Alikuwa ananiaga. Sijawahi kuumia hivi tangu nizaliwe, naandika bila aibu. Nampenda yule mtoto wa watu na nimemshinda kesi mama yake.

Nadine akasema Jumapili baada ya misa watu wa Reverien wanakuja kuchukua jibu, na mama sasa hana sababu ya kuwakatalia. Dawa ipo moja. Kesho au keshokutwa niende kwa miguu, bila pikipiki, bila helmeti, bila kioo. Nisimame uani. Nilitamke jina la mama kwa mdomo wangu mwenyewe, mara moja. Atakasirika. Nipige goti, nitoe mbuzi, basi, nimekuwa mkwe. Alinishika mkono akanirudisha nyuma kwenye neno lile lile mara mbili. Kwa mdomo wako mwenyewe.

Nimemwahidi.

Ijumaa, 20 Novemba

Mbuzi nimempata. Jike, mwekundu, mkaidi.

Nimekwenda nyuma ya nyumba kufanya mazoezi ya jina. Halitoki! Nimefungua mdomo, ulimi umelala. Nimejaribu nikiwa nimesimama, nikiwa nimechuchumaa, nikiwa nimemwangalia mbuzi. Herufi ya kwanza inatoka, halafu koo linajifunga lenyewe. Heshima imeniingia mpaka kwenye mifupa. Sasa nikienda pale uani, mbele yake, nikakwama? Nitaonekana nimekwenda kumwonyesha meno. Tena kwa miguu! Mtu mwenye pikipiki aende Heru Juu kwa miguu akivuta mbuzi, watu waseme nini?

Nimefikiri tangu mchana. Nimepata!

Uchaguzi umekwisha mwezi uliopita na spika za kampeni zimelala tu stoo kwa yule jamaa wa muziki, kubwa, zile zinazosikika kilima kwa kilima. Nimeazima mbili. Badru anazifunga sasa hivi, moja kila upande, waya kutoka betri, ameniahidi safari hii honi haitaingiliana. Jumapili, watu wa Reverien wakiwa wamekaa tayari na pombe yao, mimi natokea. Nitazunguka nyumba na jina la mabukwe litasikika Heru Juu yote. Sio mara moja kama anavyotaka Nadine. Mara nyingi! Atakasirika mpaka asiwe na la kufanya ila kunikubali. Mbuzi atafungwa nyuma, pale alipokaa mabukwe mwenyewe.

Swali lilikuwa sauti. Yangu imegoma. Tumelimaliza hilo kirahisi. Badru atapanda nyuma ya mbuzi ashike kipaza sauti, maana ana sauti nzuri ya redio, na jina lile halimpi shida yoyote. Ameshalifanyia mazoezi, linatoka tamu kabisa.

Mimi nitakuwa kwenye usukani, mdomo umefungwa, kwa heshima zote. Nadine atajivunia.